Punda wa Khun-Anup: Dhidi ya Uhakiki Unaoisifu Misri Bila Kuisoma

Katika mihadhara yake ya falsafa ya historia, aliyoitoa mjini Berlin katika miaka ya 1820, Hegel aliigawa Afrika mapande matatu, akalitwaa pande la bonde la Naili na kulikabidhi Asia. Dhuluma hiyo ilijibiwa. Mwaka wa 1954 Cheikh Anta Diop alichapisha Nations nègres et culture, na miaka 20 baadaye, katika kongamano lililoandaliwa na UNESCO mjini Cairo mwaka wa 1974, yeye na Théophile Obenga waliitetea hoja ya Uafrika wa Misri mbele ya wataalamu ambao wengi wao hawakuwa tayari kuikubali. Haja ya jibu hilo haina mjadala. Kinachostahili kujadiliwa, tena kwa ukali, ni kile ambacho wahakiki wa fasihi wamekifanya na jibu hilo baada ya kulirithi.

Walichokifanya ni kuitundika Misri ukutani. Anayetaka ushahidi na afungue sura za utangulizi za vitabu na tasnifu zinazohusu fasihi ya Kiafrika. Aghalabu atakutana na aya moja inayotaja piramidi, hieroglifu na utenzi wa Akhenaten kwa jua, kisha kauli kwamba Mwafrika alikuwa na fasihi andishi kabla ya Homer. Aya hiyo ikikoma, Misri nayo imekoma. Ukurasa wa pili unaanza na Sundiata. Hakuna matini iliyosomwa, wala mhusika aliyetajwa, wala sentensi iliyochambuliwa. Misri inatumika kama cheti cha kuzaliwa: hutolewa mfukoni mlangoni, kikaguliwe, kisha kirudishwe mfukoni.

Inasikitisha zaidi kwamba uhakiki huu unajinasibisha na mapinduzi ambayo hayakuutaka. Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotoa pendekezo lao la mwaka wa 1968 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, la kuvunjwa kwa Idara ya Kiingereza, hoja yao haikuwa kwamba Afrika nayo ina wafalme. Hoja ilikuwa kwamba msomaji huanzia pale aliposimama, akaijua ardhi iliyo chini ya nyayo zake, ndipo akaitazama dunia. Kanuni hiyo haiwezi kuwa halali kwa Mkenya na haramu kwa Mmisri wa kale. Yeye pia alisimama mahali. Alikuwa na udongo wake, upepo wake, mkate wake na punda wake. Na fasihi yake imejengwa kwa vitu hivyo, wala si kwa piramidi.

Mahali penyewe palikuwa wapi? Wamisri waliiita nchi yao kwa rangi ya udongo wake: Kemet, nchi nyeusi, yaani ukanda mwembamba wa tope ulioachwa na mto. Ng'ambo yake palianza Deshret, nchi nyekundu, jangwa. Mpaka baina ya hizo mbili ulikuwa wa karibu sana, kiasi kwamba mtu angeweza kusimama mguu mmoja kwenye shayiri na mwingine kwenye mchanga. Kwa kuwa mto ulitoka kusini, huko ndiko walikoelekeza nyuso zao. Ndiyo maana katika lugha yao neno la mashariki lina asili moja na neno la kushoto, na la magharibi lina asili moja na la kulia. Mto uliwachukua kaskazini bila kazi, nao upepo wa kaskazini ukawarudisha kusini kwa tanga. Alama ya kuandikia safari ya kusini ilikuwa chombo kilichotweka; ya kaskazini, chombo kilichoshusha tanga.

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuambiwa mara mbili maana ya jambo hilo. Lugha yake imeyapa majina pande za dunia kwa pepo za kusi na kaskazi, na majina hayo yangali yakitumiwa hata na watu ambao hawajawahi kuona jahazi. Akisoma kwamba jeshi la Thutmose wa Kwanza, mnamo 1500 K.K. hivi, lilipofika mto Frati uliotiririka kuelekea kusini liliuona kuwa maji yaliyogeuka, yanayoshuka kwa kupanda, atatambua kwamba maneno hayo si mapambo ya mshairi. Ni mshangao halisi wa watu ambao kwao mkondo na kaskazini vilikuwa kitu kimoja. Na akisoma katika utenzi wa Akhenaten kwamba mataifa ya kigeni yamewekewa Naili mbinguni, ataelewa kwamba inayosemwa hapo ni mvua, na kwamba kwa mtunzi mvua ndiyo ajabu inayohitaji maelezo. Wale wanaoutaja utenzi huo kila mwaka kama kielelezo cha dini ya Mungu mmoja, ni wangapi wameisimulia mvua hiyo kwa wanafunzi wao?

Uzembe huo unaonekana pia pale jiografia inapotajwa. Husikika madai kwamba fasihi ya Misri ni ya Afrika Mashariki kwa sababu maji ya Naili yanatoka Ziwa Viktoria. Dai hili lina wema wa kindugu, ila halina tope. Karibu nusu ya maji ya Naili Nyeupe hupotelea katika mabwawa ya Sudd, na yale yanayosalia huusaidia mto usikauke katika miezi ya kiangazi. Furiko lenyewe, pamoja na udongo mweusi ulioipa Kemet jina lake, lilitoka katika nyanda za juu za Ethiopia kupitia Naili ya Buluu na Atbara. Undugu wa fasihi hauwezi kuthibitishwa kwa bomba la maji. Na hata ungeweza, waliohusika zaidi ni majirani wa kaskazini.

Furiko hilo liligawa mwaka mapande matatu ya miezi minne minne: Akhet, mto ulipofunika mashamba, Peret, ardhi ilipojitokeza na kupandwa, na Shemu, wakati wa mavuno. Kila mwezi ulikuwa na siku 30, na siku 5 ziliongezwa mwishoni mwa mwaka. Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili anapokabiliwa na mtihani. Akiandika “mafuriko”, msomaji ataona nyumba zilizosombwa na watu juu ya mapaa. Akiandika “gharika”, atamwona Nuhu. Mmisri aliomba maji yaje, na hofu yake kubwa ilikuwa yasije, au yaje kupita kiasi. Huenda “kujaa kwa mto” kukafaa zaidi, msemo usio na fahari wala msiba ndani yake. Jambo lenyewe limekwisha kuwa historia, kwa kuwa bwawa kuu la Aswan, lililokamilika mwaka wa 1970, lililizuia furiko lisifike Misri tena. Msomaji wa leo anayezuru Luxor haoni mto walioujua watunzi.

Yote haya yangeweza kuonekana kuwa maelezo ya pembeni, kama si kisa cha Khun-Anup. Kisa hiki, ambacho nakala zake za kale zaidi ni za takriban 1800 K.K. na zimehifadhiwa Berlin na London, kinajulikana katika vitabu vya Ulaya kwa jina la “Mkulima Fasaha”. Jina lenyewe ni la kutiliwa shaka. Neno la Kimisri linalomtaja mhusika linatokana na neno la konde au uwanda, naye anatoka Wadi Natrun, bonde la maziwa ya chumvi magharibi ya Delta. Nyumbani kuna shayiri kidogo ghalani. Lakini juu ya punda wake amepakia magadi, chumvi, ngozi na mimea ya porini. Ni mtu wa pembezoni anayeshuka mjini kubadilishana mali yake kwa nafaka. Hakuna sarafu katika kisa hiki, wala isingeweza kuwako: Misri ilikaa zaidi ya karne 14 baadaye bila sarafu yake. Kabla ya kuondoka anamwambia mkewe aipime shayiri iliyosalia, sehemu iwe chakula chake na cha watoto, sehemu iwe mkate na pombe ya safari. Hadithi inaanza kwa kipimo cha nafaka. Wahakiki huanzia pale maneno makubwa yanapoanza.

Njiani pana mtu aitwaye Nemtynakht. Nyumba yake iko kando ya njia nyembamba, upande mmoja maji, upande wa pili shayiri. Anatandika nguo juu ya njia, pindo moja likagusa maji na jingine likagusa shayiri. Khun-Anup hawezi kuikanyaga nguo ya bwana, hawezi kupita majini, basi anapita ukingoni mwa shamba. Punda mmoja anajaza kinywa shayiri. Na kwa kinywa hicho kimoja Nemtynakht anamchapa kwa fimbo mbichi ya mkwaju wa jangwani, anatwaa punda wote na mizigo yao. Mtego huu haufanyi kazi mahali pengine. Unahitaji nchi ambamo kila hatua ya udongo mweusi ina thamani, ambamo njia hubanwa iwe nyembamba kama kipande cha nguo kwa sababu kuipanua ni kupoteza mavuno. Jiografia hapa si mandhari. Ndiyo silaha ya mhalifu.

Khun-Anup anamsihi mwizi wake siku 10, kisha anakwenda kumshtakia Rensi mwana wa Meru, msimamizi mkuu wa mali ya mfalme. Rensi anawauliza maafisa wenzake. Jibu lao linastahili kukaririwa katika kila semina ya uhakiki: huenda huyu ni mtu wa Nemtynakht aliyekwenda kwa mwingine, je, bwana aadhibiwe kwa ajili ya magadi kidogo na chumvi kidogo? Kwao shehena yote ya mtu, kazi ya msimu mzima na chakula cha watoto, ni kidogo hiki na kidogo kile.

Rensi hajibu. Anamwendea mfalme Nebkaure na kumweleza kwamba amempata mtu wa kondeni mwenye kauli nzuri mno. Mfalme anaamuru Khun-Anup asijibiwe, ili aendelee kusema, na maneno yake yaandikwe na kuletwa. Mkewe na watoto walishwe kwa siri. Yeye mwenyewe apewe mikate 10 na magudulia mawili ya pombe kila siku bila kujua inakotoka. Anasema mara tisa. Baada ya mara ya tatu walinzi wawili wanampiga mijeledi. Katika mara ya tisa amekata tamaa na haki ya walio hai, anasema atakwenda kumshtakia Anubi. Muda wote huo punda wako kwa Nemtynakht.

Sasa uhakiki unaosifu hotuba hizi tisa kama kilele cha balagha ya Afrika ya kale, ukataja takriri zake, tashbihi zake na falsafa yake ya maat, bila kuuliza punda wako wapi, unafanya nini kisichofanywa na Nebkaure? Mfalme naye alipenda balagha. Aliipenda hata akaongeza mateso ya msemaji ili maneno yasikatike. Mtunzi alijua alichokuwa akikiandika, naye aliwatayarishia wasomaji wake kiti cha fedheha pembeni mwa kiti cha mfalme. Wahakiki wengi wamekikalia kwa miongo mingi bila kuhisi chochote.

Wafuasi wa uhakiki wa kimuundo watajibu kwamba haya ni mambo ya historia na sosholojia, na kwamba matini ijitosheleze. Kwa hoja hiyo hiyo na wazisome hotuba. Khun-Anup anamfananisha Rensi na usukani, na mizani, na timazi. Anamwahidi kwamba akishuka katika ziwa la haki atasafiri kwa upepo mwanana, tanga lake halitachanika, na samaki watamjia. Taswira hizi ni za mtu wa mtoni. Msemaji ni mtu wa bonde kavu la magadi. Je, amejifunza lugha ya wenye mto ili awafikie wenye mto, au ni karani wa mjini aliyemtungia maneno na kusahau alikotoka? Swali hili ndilo swali la mtindo na la sauti, yaani swali la kimuundo hasa; wala halitajitokeza kwa msomaji asiyejua Wadi Natrun ni mahali gani. Jibu la pili ndilo lenye uzito zaidi. Fasihi hii imetungwa na makarani, na sauti ya mnyonge humo imepita mikononi mwa mtu mwenye kalamu na posho.

Karani huyo anajitokeza waziwazi katika Mafundisho ya Khety. Baba anasafiri kwa chombo kuelekea kusini kumpeleka mwanawe Pepy katika shule ya makao ya mfalme, na njiani anamsimulia adha za kila kazi isipokuwa ukarani: mfinyanzi aliyejaa tope, kinyozi anayezurura mpaka jioni akitafuta kidevu, dobi anayefua jirani na mamba, mkata matete aliyeliwa na mbu. Wanafunzi waliendelea kuyanakili haya juu ya vigae karne sita baadaye. Wapo wahakiki wanaoyanukuu kama picha ya maisha ya mfanyakazi wa Misri, tena wengine kwa nia njema ya kitabaka. Ni kosa. Hiki ni kicheko cha karani, kilichotungwa ili mtoto wa karani asiione aibu ya kutofanya kazi kwa mikono. Na njia ya kulitambua hilo ni kuujua ulimwengu wa kila siku kutoka vyanzo vingine.

Vyanzo hivyo si haba. Katika Deir el-Medina, kijiji cha mafundi wa makaburi ya wafalme upande wa magharibi wa Thebes, palikuwa na nyumba zipatazo 70 ndani ya ukuta, na maji yaliletwa kwa punda kwa kuwa kisima hakikuwako. Kigae kimoja kilichopo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza kinaorodhesha waliokosa kazini katika mwaka wa 40 wa Ramesses wa Pili. Mmoja ameumwa na nge. Mwingine anapika pombe. Mwingine mkewe au bintiye yuko hedhini. Mwingine anamkafini ndugu. Posho ya kawaida ya fundi kwa mwezi ilikuwa magunia 4 ya ngano ya kale kwa mkate na gunia moja na nusu la shayiri kwa pombe, gunia la Kimisri likiwa na lita zipatazo 76. Posho hiyo ilipochelewa katika mwaka wa 29 wa Ramesses wa Tatu, mnamo 1157 K.K. hivi, mafundi waliweka zana chini, wakavuka kuta, wakaketi nyuma ya hekalu la Thutmose wa Tatu na kutangaza kwamba wana njaa. Karani aliyeandika habari za mgomo huo hakuwacheka.

Itaulizwa kwa nini basi macho ya wengi yameishia makaburini. Sehemu ya sababu ni ardhi yenyewe. Makaburi na mahekalu yalijengwa kwa mawe, tena mara nyingi ukingoni mwa jangwa. Nyumba, hata kasri za wafalme, zilijengwa kwa matofali ya tope juu ya udongo mweusi, na udongo ukayarudisha matofali yake. Mafunjo yaliyoachwa katika unyevu wa Delta yameoza karibu yote. Mhakiki anayedhani kwamba Wamisri walifikiria kifo tu amedanganywa na ukavu wa mchanga. Ila hata mchanga umekwisha kutoa ushahidi wa kinyume. Mnamo 1991 yalifukuliwa matanuri ya mikate ya wajenzi wa Giza. Mwaka wa 2013 kikosi cha Pierre Tallet kilipata Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, mafunjo yenye maandishi ya kale zaidi yanayojulikana. Si utenzi, si sala. Ni daftari la Merer, msimamizi wa kikosi cha mabaharia, linaloandika siku kwa siku safari za kuchukua mawe kutoka Tura hadi Giza kwa ajili ya piramidi ya Khufu. Wale waliozoea kuuliza ni nani aliyejenga piramidi, kwa kiburi au kwa dharau, sasa wanaweza kumsoma mmoja wao. Hana fahari, anahesabu siku.

Kiswahili chenyewe kina deni katika jambo hili. Kimempa msomaji wake neno “firauni”, lenye maana ya mtu muovu, fasiki, lililopitia Kurani na kisa cha Musa. Msomaji huyo akiingia chuoni huletewa firauni wa pili, wa kujivunia. Baina ya firauni wa kulaaniwa na firauni wa kusifiwa, mtu mwenye magadi juu ya punda hana njia ya kupita. Ni kinaya kikubwa kwamba barua za Hekanakht, mwenye mashamba wa mnamo 1950 K.K. hivi, anayepanga posho ya kila mtu wa nyumba yake wakati wa njaa, analalamika kuletewa shayiri kuukuu na kumtetea mkewe mpya dhidi ya kijakazi, zilimfaa Agatha Christie kuandika riwaya ya mauaji, Death Comes as the End, mwaka wa 1944. Mwandishi wa riwaya za upelelezi alitambua mara moja kwamba humo mna nyumba, wivu, chakula na hofu. Uhakiki wa fasihi ya Kiafrika, wenye haki zaidi ya kuzidai barua hizo, umeziachia elimu ya mambo ya kale.

Dai la umiliki lisilofuatwa na usomaji ni la Nemtynakht: nguo imetandikwa njiani na shayiri hailimwi na aliyeitandika. Kuisoma Misri ni kazi ya polepole. Inataka semina iliyo tayari kukaa wiki nzima na njia nyembamba, kumtaka mwanafunzi aeleze magadi yalikuwa ya kazi gani mjini (kuoshea, kutengenezea vigae vya rangi, kukaushia maiti) kabla ya kumruhusu kutaja maat, na kumshtaki mfasiri anayeandika “pesa” mahali pa nafaka. Inataka pia mwisho wa kisa usomwe. Mafunjo yameharibika hapo, na wahakiki wakiisha kuipita hotuba ya tisa hufunga kitabu. Kinachosomeka ni kwamba Rensi anaambiwa na mfalme atoe hukumu mwenyewe, Nemtynakht analetwa, na mali yake inaandikwa ili apewe Khun-Anup: watu sita, shayiri yake, ngano yake, punda wake, nguruwe wake.